Digrii Alizozivuta Mjomba Dadi

Jumatatu, 5 Julai 1909

Tumepiga kambi juu ya kigongo cha mlima, juu kabisa, mahali ambapo hata mbuzi wa Kilimbwe hawafiki. Baridi! Nimevaa mashati yangu yote mawili. Daftari hili nimelinunua mjini Morogoro kabla hatujapanda, kwa sababu Bwana Mpima anaandika lake kila jioni na mimi nikaona niandike langu. Lake lina jalada la ngozi. Langu lina picha ya jogoo.

Kazi yenyewe ni msitu wa serikali. Barua imetoka bomani: kutoka jiwe la kigongo, kushuka mita mia sita, hapo ndipo mpaka. Juu ya mpaka ni miti ya Kaizari, mfalme wa Wajerumani — hakuna jembe, hakuna moto, hakuna kuni. Chini ya mpaka ni watu na mihogo yao. Tena barua inasema mita mia sita za ramani. Ramani inautazama mlima kutoka juu, kama jua la saa sita. Haijali kwamba chini kuna mteremko na watu wenye miguu.

Bwana Mpima si mpima hasa. Alikuwa askari, homa ikampiga, magoti yakaharibika, wakampa msitu. Watu wa hapa wamekwisha mbatiza Bwana Miguu Mitatu, kwa ajili ya darubini yake inayosimama juu ya miguu mitatu. Darubini anaijua. Anachungulia, anasoma digrii za mteremko, anafungua kitabu cha majedwali, anaitafuta digrii ile, ananakili namba iliyo mbele yake. Mwondolee kitabu, amekwisha. Mimi nilisoma shule ya Tanga miaka minne, na mwalimu wetu wa hesabu hakuwa na kitabu cha majedwali hata kimoja, kwa hiyo tulilazimika kufikiri.

Kazi yangu ni kuita namba na kuandika namba. Dominiko, aliyelelewa misheni, anashika ncha ya nyuma ya utepe wa chuma na kutukumbusha kila siku kwamba yeye anajua Kilatini. Wakata vichaka tumewachukua vijijini. Mmoja wao ni Mjomba Dadi, kaka wa mama yangu. Bwana hajui kwamba ni mjomba wangu. Hakuuliza. Wala hajui kwamba Kilimbwe, kijiji kile chini yetu, ndiko aliko mama yangu na shamba lake. Hilo pia hakuuliza.

Baba alikuwa mtu wa pwani. Alikuja na majora ya nguo, akaondoka yalipokwisha kuuzwa — yaani aliondoka mikono mitupu, mimi na Mama tukabaki. Kwa Waluguru haidhuru. Ardhi mtu anaipata upande wa mama. Shamba lile la maharage ndilo mahali pekee duniani ninapoweza kupaita kwetu. Lakini sina wasiwasi. Mita mia sita ni huku huku juu.

Jumanne, 6 Julai

Ukungu. Hakuna kazi. Bwana amelala na magoti yake. Dominiko ameimba nyimbo za misheni mpaka Mjomba akamwomba radhi Mungu kwa niaba yake.

Jumatano, 7 Julai

Balaa!

Asubuhi Bwana alielekeza darubini chini ya mteremko, akasoma: digrii thelathini na sita, dakika hamsini na mbili. Akafungua kitabu. Akafunua. Akarudi nyuma, akafunua tena. Kuanzia digrii thelathini mpaka arobaini na tano — hakuna kitu! Kurasa zimekatwa sawasawa na mshono, kazi safi, kama ya mtu anayechuna ngozi ya mbuzi.

Kitabu ni mali ya serikali. Bwana alipiga kelele kwa Kijerumani, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa lugha nyingine ambayo nadhani ni ya askari peke yao. Aliyefanya hivi atakula hamsa ishirini! Viboko ishirini na tano, mbele ya watu. Wakata vichaka wote walitazama miguu yao. Mjomba Dadi alitazama mbinguni kwa unyofu mkubwa, moshi ukimtoka puani.

Nilijua hapo hapo. Mjomba ana tumbaku nzuri ya kulima mwenyewe, ila hana cha kusokotea. Na karatasi ya kitabu kile ni nyembamba, nyeupe, inaungua polepole. Nilimvuta kando nikamuuliza. Hakukana. Amesema alianzia mwisho wa kitabu kwa adabu, kwa kuwa msomaji huanzia mwanzo, na alidhani Bwana bado hajafika huko.

Nikamwambia, Mjomba, kile si kitabu cha hadithi. Akasema amekwisha ona, hakina hata mtu mmoja ndani.

Alhamisi, 8 Julai

Leo nimekuwa mtu mkubwa. Niandike yote, moja baada ya moja.

Bwana hawezi kuandika barua Daressalaam kuomba kitabu kingine, maana itabidi aeleze cha kwanza kimekwenda wapi. Hawezi kupima kwa ngazi, yaani kuushika utepe usawa, hatua kwa hatua, mpaka chini — magoti. Na Bwana Mkubwa wa boma anakuja kuukagua mpaka mwisho wa mwezi huu huu. Kwa hiyo akaamua: tulaze utepe juu ya ardhi, kana kwamba mlima ni uwanja wa gwaride, mita mia sita, basi. Nani atajua?

Utepe ni mita ishirini. Tuliulaza mara thelathini. Saa nane mchana bendera nyekundu ikasimama. Mia sita! Wakata vichaka wakapiga makofi, na Mjomba Dadi akateremka mbio Kilimbwe kupeleka habari. Dominiko akaanza kuukunja utepe. Bwana akatoa kiko chake. Kazi imekwisha — imekwisha!

Ndipo nikafungua mdomo.

Sijui kwa nini. Hapana, najua. Miaka miwili naita namba za mtu mwingine. Nikasema, Bwana, mia sita za ardhini si mia sita za ramani. Akajibu kwamba anajua, mpumbavu wewe, lakini bila kosinusi ya thelathini na sita na hamsini na mbili afanye nini? Nikasema kosinusi ipo. Ipo wapi? Hapa hapa, tumeikanyaga.

Tulipopanda kurudi kambini, pale iliposomwa ile thelathini na sita, nilichukua mwanzi nikaukata mikono minne. Dominiko akaushika usawa, kichwa kimoja kimegusa mlima, kingine kiko hewani, chupa ya maji juu yake kutuonyesha kwamba haukulala upande. Kutoka kichwa kile cha hewani nikateremsha timazi — kamba yenye kipande cha risasi mwishoni — mpaka ardhini. Nikapima kamba. Mikono mitatu kamili!

Nikamwambia Bwana kama mwalimu alivyotuambia Tanga: usiitafute pembe, ichoree pembetatu. Digrii zake tuziache huko zilikokwenda. Tunajua inashuka tatu kwa kila nne. Hiyo ndiyo tangenti yake, na inatosha. Chora pembetatu mraba: nne za usawa, tatu za wima, na mlima wenyewe ndio upande mrefu. Tatu mara tatu, tisa. Nne mara nne, kumi na sita. Jumla ishirini na tano, nayo ni tano mara tano. Upande mrefu ni tano! Basi kosinusi, yaani usawa kwa upande mrefu, ni nne kwa tano. Ukiitaka na sinusi, nayo hiyo hapo, tatu kwa tano, chukua bure.

Bwana hakuamini. Akainama kwa magoti yale yale, akapima mwenyewe juu ya ardhi kwa mkono wake. Mitano. Akapima tena. Mitano. Akakaa juu ya jiwe, kofia mkononi.

Nami nikamaliza: kila mita tano za mlima ni nne tu za ramani. Mia sita za ramani ni mia saba na hamsini za mlima. Bendera ishuke mita mia na hamsini zaidi. Nilisema hivyo kwa sauti yangu mwenyewe, na wote wakanisikia!

Bwana alisema neno moja: Gut, yaani vizuri.

Usiku huu najiambia nimefanya kwa ajili ya Mjomba. Kitabu kisipohitajika, hamsa ishirini zinasahauliwa. Ni sababu nzuri. Nimeipata baada ya chakula.

Ijumaa, 9 Julai

Bwana ananiita Fundi. Mbele ya watu! Amenipa chupa ya bia. Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo Dominiko ameinywa kwa niaba yangu, na sasa anazungumza Kilatini na punda.

Nimepeleka chai hemani kwake nikaona ripoti mezani. Kijerumani changu si kizuri, lakini mstari ule niliuelewa hata kwa kuusoma chini juu: njia iliyobuniwa na mimi mwenyewe. Na mimi ni yeye. Sawa. Kichwa ni changu, mkono ni wake, serikali ina vyote viwili.

Nimesali peke yangu, huku hakuna msikiti. Katika sijda nikajikuta nahesabu tatu, nne, tano. Astaghfirullah.

Jumamosi, 10 Julai

Bwana amenipa ruhusa ya siku moja. Nikachukua chumvi na kipande cha sabuni, nikateremka kumwona Mama.

Kutoka kwenye bendera nilihesabu hatua. Ni mazoea tu, hatua yangu ni mita moja, Bwana alinizoesha. Kumi. Thelathini. Hamsini. Sitini na nane — ua wa shamba la Mama.

Nikasimama. Sikuelewa mara moja, mimi niliyesoma Tanga miaka minne! Nikaendelea kutembea. Hatua ya tisini na tano, mwisho wa shamba. Mia na kumi, mlango wa nyumba. Mia na ishirini, kaburi la bibi. Mia na hamsini — nikajikuta ndani ya migomba ya jirani, jasho linanitoka.

Bendera ya Bwana mvivu ilikuwa imesimama juu ya ua wetu, mbali kabisa. Mjomba Dadi alikuwa amezivuta digrii zilizotaka kula shamba la dada yake, bila kujua, kwa raha yake, na yote yalikuwa yamekwisha vizuri. Kisha mimi nikafungua mdomo.

Mama alikuwa anapalilia maharage. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu. Umekonda! Huko juu wanakulisha mawe?" Akanikalisha kwenye kigoda. Akanieleza habari njema. Mjomba wako, alisema, alipita juzi mchana akaniambia bendera imesimama kule juu kwenye mkuyu, haifiki hapa. Siku zote hizi nilikuwa silali. Sasa nalala.

Nikala ndizi na maharage, sahani mbili. Ningesema nini? Mdomo ulikuwa umejaa.

Nilipoaga akanipa kikapu cha maharage mabichi nimpelekee Bwana, kumshukuru kwa kuwa mtu wa haki. Nimekipandisha mlima wote ule. Kiko hapa mbele yangu, na naona aibu hata kukitazama.

Jumapili, 11 Julai

Nimemwambia Mjomba.

Nilimkuta nyuma ya mahema, anasokota tumbaku kwa jani la mgomba. Nikamweleza kila kitu: mia sita, mia saba na hamsini, ua, mlango, kaburi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Uliijuaje?" akauliza. "Hiyo thelathini na sita yako niliivuta Jumatatu. Niliimaliza mwenyewe."

Nikamweleza kwamba digrii hazikuhitajika. Ukikutana na mtu njiani, Mjomba, jina lake halikusaidii. Unamuuliza mama yake ni wa lukolo gani, wa ukoo gani, na ukishajua hilo umejua alime wapi, azikwe wapi, amwoe nani na nani asimguse. Nami pembe niliiuliza hivyo hivyo. Sikuiuliza jina. Niliiuliza inashuka ngapi kwa ngapi, na mengine yote yakafuata.

Alimaliza kusokota jani lake. Nikadhani nimemfurahisha.

"Kwa hiyo," akasema, "umetumia akili ya kwetu kuchukulia ardhi ya kwetu."

Nikasema sikujua. Akasema yeye pia hakujua, lakini kutojua kwake kuliokoa shamba na kujua kwangu kumelila, sasa mpwa wake aliyesoma amwambie nani kati yetu apelekwe shule. Kisha akawasha.

"Karatasi niliweza kuivuta," akasema. "Kichwa chako nitakivutaje?"

Jumatatu, 12 Julai

Nimempa Bwana kikapu. Akauliza kimetoka kwa nani. Nikasema kwa mwanamke mmoja wa Kilimbwe anayekushukuru. Hakuuliza zaidi. Akaagiza yapikwe.

Alipokuwa anakula nikaanza. Nikasema, Bwana, labda tusubiri kitabu. Akacheka! Kitabu cha nini? Wewe mwenyewe ulinionyesha, Fundi, pembetatu haidanganyi. Kesho kutwa tunashusha bendera.

Nikaona maneno yangu yananirudia kutoka kinywani mwake, pamoja na maharage ya Mama.

Ndipo nikakumbuka miguu yangu. Juzi nilipokuwa nateremka, sehemu ya juu nilijishika kwenye vichaka. Sehemu ya chini nilitembea tu. Mlima si mmoja! Nikamuuliza: Bwana, siku ile tulipolaza utepe, magoti yako yaliacha kuuma wapi? Akafikiri, kijiko hewani. Pale kwenye mwamba uliopasuka, akasema. Baada ya hapo nilikuwa mzima.

Basi, nikasema, tatu kwa nne ni ya huku juu tu. Chini ya mwamba mteremko ni mwingine, na kila mteremko una pembetatu yake. Tukitumia moja kwa mlima mzima, Bwana Mkubwa akija na mpima wa kweli — hapo nikakohoa — akija na mpima mwingine, atatucheka.

Bwana aliweka kijiko chini. Nadhani alikuwa anamwona huyo mpima mwingine. Akakubali!

Mchana tumepima mpaka kwenye mwamba. Mita mia tatu za ardhi, kamili. Tatu kwa nne tena, yaani mia mbili na arobaini za ramani. Bwana ameandika na kutia sahihi. Zimebaki mia tatu na sitini za ramani, na mteremko wa chini haujapimwa. Nimemwambia Mjomba apumue kidogo.

Jumanne, 13 Julai

Asubuhi na mapema, kabla Bwana hajaamka, nimeteremka na Dominiko hadi chini ya mwamba. Nilitaka kujua kwanza, peke yangu. Tulikata mwanzi mrefu wa mikono kumi na miwili, kwa kuwa mteremko mdogo unataka mkono mrefu. Dominiko akaushika usawa. Nikashusha timazi.

Mikono mitano.

Nilikaa chini nikachora. Kumi na mbili mara kumi na mbili, mia na arobaini na nne. Tano mara tano, ishirini na tano. Jumla mia na sitini na tisa, na hiyo ni kumi na tatu mara kumi na tatu. Dominiko akapiga mluzi, akasema hata Mapadri hawajawahi kumwonyesha kitu kizuri namna hii. Ni kweli, ni nzuri. Kila kumi na mbili za ramani ni kumi na tatu za mlima. Mia tatu na sitini ni mia tatu na tisini. Ongeza mia tatu za juu.

Mia sita na tisini.

Nyumba imepona. Kaburi la bibi limepona. Lakini shamba linaanzia mia sita sitini na nane, linaishia mia sita tisini na tano. Mama ataachiwa mita tano. Anaweza kupanda vitunguu mstari mmoja, awe anaketi mlangoni kuyatazama maharage ya Kaizari. Hesabu ya kweli imenirudishia mlango, chakula ikabaki nacho.

Nikaendelea kuchora. Kamba ikishuka mikono miwili badala ya mitano, je? Mbili mara mbili, nne. Mia na arobaini na nne na nne, mia na arobaini na nane. Upande mrefu ni kumi na mbili na punje. Mia tatu na sitini zinakuwa mia tatu sitini na tano, kasoro kidogo. Bendera inasimama mia sita sitini na tano. Mita tatu juu ya ua wa Mama. Tatu!

Dominiko akachungulia begani kwangu. "Hiyo mbili umeitoa wapi?"

Nikasema ni zoezi.

Akanitazama. Akasema misheni nao walikuwa na mazoezi ya namna hiyo, na baadaye ilibidi uende ukaungame. Kisha akaufuta mchoro kwa mguu wake, polepole. Sijui alikuwa ananikataza au ananificha.

Kuna jambo jingine. Mteremko ule wa chini, kwa darubini, ni kama digrii ishirini na mbili na nusu. Mjomba alivuta kuanzia thelathini. Ukurasa wa ishirini na mbili upo, mzima, haukuguswa! Bwana akisimamisha darubini pale mwambani na kufungua kitabu, atapata tano kwa kumi na mbili mwenyewe, hata kama hajui kwamba ndiyo hiyo. Na mimi, nikiwa nimeita mbili, nitalala kifudifudi mbele ya watu, nihesabiwe ishirini na tano kwa Kiarabu.

Nimemweleza Mjomba. Ameniuliza ni ukurasa gani. Nimemwambia asithubutu. Bwana sasa analala na kitabu chini ya mto.

Jumatano, 14 Julai

Naandika kwa penseli, nimesimama, chini ya mwamba, mchana kweupe. Nitaeleza kwa nini.

Bwana ameacha darubini kambini, sandukuni, pamoja na kitabu. Asubuhi nilimsikia anamwambia mpishi: ya nini kubeba, nina fundi. Nilikaribia kulia. Sijui kama ni kwa furaha.

Ameketi hapo juu ya mwamba kwenye kiti chake cha kukunja, kalamu mkononi, karatasi ya mpaka magotini. Hatua kumi na tano kutoka kwangu. Wakata vichaka wamekaa kwenye nyasi. Mjomba Dadi havuti. Tangu nimjue, leo ni mara ya kwanza kumwona hana moshi.

Na Mama amekuja! Amepanda kutoka Kilimbwe na kikapu kingine cha maharage, amejifunga kanga yake nzuri, amekuja kumwona mtu wa haki kwa macho yake. Bwana amempokea vizuri. Amemwambia, Mama, maharage yako ni mazuri sana, udongo wako ni mzuri. Mama amesema ni udongo wa mama yake na wa mama wa mama yake. Bwana ameitikia kwa kichwa. Hakuuliza ni udongo upi.

Dominiko ameshika mwanzi usawa. Chupa ya maji imetulia. Nimeshusha timazi. Kamba nimeifunga mafundo, fundo moja kila mkono. Fundo la tano limegusa ardhi, pale pale lilipogusa jana. Kidole gumba changu kiko kwenye fundo la pili. Sikukiweka mimi. Yaani nimekiweka, lakini sikukumbuka kukiweka.

Bwana akauliza: "Fundi! Ngapi?"

Dominiko anatazama mawingu. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika mlima huu haikutoka namba. Kisha nikasema, Bwana, tusubiri kidogo, upepo unaitikisa kamba, ngoja utulie. Akasema sawa. Nikaacha timazi ining'inie kwenye mwanzi, nikatoa daftari la jogoo, nikajifanya naandika hesabu. Ndiyo haya ninayoandika.

Sasa amesema jambo jingine, nimelisikia. Kwa kuwa upepo unanisumbua, ametuma mtu apande kambini akalete darubini na kitabu. Darubini, amesema, haina habari na upepo. Namwona huyo mtu, anapanda haraka, magoti yake ni mazima.

Akifika juu na kurudi ni nusu saa. Nikisema tano sasa hivi, hakuna haja ya darubini, na hakuna shamba. Nikisema mbili sasa hivi, kwa sauti ya fundi, huenda Bwana akaandika na kumwita mtu wake arudi. Huenda asimwite.

Mama ameniona. Amenipungia mkono, anamwonyesha Mjomba kwa kidole: yule pale, ndiye anayeita namba! Anacheka kwa fahari. Natamani angekuwa nyumbani amelala.

Bwana anauliza tena, upepo umetulia? Kamba imenyooka wima, haitikisiki hata kidogo. Nyasi zimesimama. Moshi wa kiko cha Bwana unapanda moja kwa moja.

Hakuna upepo.